Tulimtengea kaka kikombe, dirisha tukaliacha limefungwa: jinsi kifua kikuu kinavyosafiri hewani

Fundi Cherehani
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa moyoni zaidi ya mwaka na nisipoliandika sitatulia.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa alikuja kukaa kwangu Mbagala pamoja na mkewe na binti yao wa miaka minne. Alikuwa anatafuta kazi ya ulinzi. Alikuja na kikohozi. Mwanzo tukasema ni vumbi la safari, baadaye tukasema hajazoea joto la pwani. Akaenda zahanati moja ya mtaani, akapewa dawa ya maji na vidonge vya siku 5. Vikaisha, kikohozi kipo palepale. Akarudi, akapewa vingine. Miezi miwili ikakatika hivyo. Usiku alikuwa anatoka jasho mpaka shuka unalikamua. Suruali zikaanza kumvuka, nikampunguzia kiuno mara mbili kwa mkono wangu, inchi moja mara ya kwanza, inchi moja na nusu mara ya pili. Kupima viuno vya watu ndiyo kazi yangu, na bado sikuelewa ninachokipima.

Mama alipiga simu kutoka nyumbani akasema, "Mwanangu, mtengeeni vyombo." Shemeji akachukua rangi nyekundu ya kucha, akachora alama kwenye kikombe cha bati, kwenye sahani na kwenye kijiko. Vikawa vya kaka peke yake. Vilioshwa mwisho, vikaanikwa pembeni. Hata binti yake alijua, akikiona kile kikombe anarudisha mkono nyuma. Sisi tukajiona tumejihami.

Sasa niwaeleze chumba chenyewe. Futi 10 kwa 12, kitanda kimoja, godoro la chini, cherehani yangu ya akiba, mabegi. Dirisha moja, nami nilikuwa nimelipigilia karatasi gumu kwa sababu ya mbu, juu yake nikatundika pazia zito. Mlango ukifungwa saa 3 usiku haufunguliwi hadi alfajiri. Kaka anakohoa usiku kucha na mtoto amelala miguuni pake.

Aliyemuokoa ni mtoa huduma ya afya wa mtaa wetu, mama mmoja aliyepita kwa shughuli nyingine kabisa. Alisikia kikohozi akiwa mlangoni, akauliza kimeanza lini. Akaandika karatasi ya rufaa palepale. Kaka akatoa makohozi, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu yakatoka siku ileile: kifua kikuu, na dawa za kawaida bado zinakifanyia kazi. Wiki mbili baadaye wakasema walete wote mnaolala naye. Mimi na shemeji tulikuwa salama, tukapewa dawa za kinga. Mtoto alikuwa tayari anaumwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa inaonyesha wazi: mstari wa uzito umelala miezi mitatu bila kupanda, na hakuna aliyeuangalia.

Mtoto ambaye hajawahi kukigusa kikombe chenye rangi nyekundu.

Ndiyo maana naandika. Nimeuliza sana wahudumu na nimesoma sana tangu siku ile, na nimegundua kwamba watu wengi mtaani wanapigana na kikombe. Vimelea vya TB ya mapafu havipiti kwenye vyombo, wala kwenye kupeana mikono, wala kwenye shuka, wala kwenye choo. Vinapita kwenye pumzi. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akiongea tu, anatoa matone. Makubwa yanaanguka chini karibu yake. Madogo yanakauka kabla hayajafika chini, yanabaki vijipunje vyenye upana chini ya mikroni 5, na mikroni ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Vijipunje hivyo havianguki. Vinaelea saa kadhaa.

Mwenye kibanda cha bati ananielewa. Asubuhi jua likipenya kwenye tundu la msumari, unaona mwale umejaa vumbi la kitambaa linaelea, halishuki wala halipandi. Jua likihama, vumbi huoni tena, lakini lipo. Au chukua udi. Mwenye nyumba anafukiza chumbani, anaondoka, wewe unaingia nusu saa baadaye na unajua kabisa palifukizwa. Hewa ya chumba kilichofungwa inahifadhi. Ukifungua dirisha na mlango, baada ya muda mfupi harufu imepungua. Pumzi ya mgonjwa ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba haina harufu ya kukuonya.

Na udogo ule ndio hatari yake. Punje kubwa ukiivuta inanaswa puani au kooni, unaimeza au unaitema. Ile ndogo inateremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale damu inapochukulia hewa. Huko askari wa mwili wanaimeza, ila kimelea cha TB kinaweza kuishi ndani ya askari huyohuyo. Kinazaliana polepole mno, mara moja kwa siku hivi, wakati bakteria wengine wanajigawa kila nusu saa. Ndiyo maana ugonjwa unakuja kwa kunyata na dawa zinachukua miezi 6.

Si kila anayevuta anaumwa. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wanacho mwilini kimelala. Kati ya watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Lakini watoto chini ya miaka mitano, wenye VVU, wenye kisukari, walevi, wavutaji, wenye njaa na waliovuta vumbi la mawe wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Nakaribisha maswali na uzoefu wenu.

Mzee wa Pugu
Pole sana mwanangu. Lakini mimi sijashawishika. Tangu utoto wetu mgonjwa wa kifua alitengewa vyombo, na wazee hawakuwa wajinga. Una uhakika gani kikombe hakihusiki? Huyo mtoto anaweza kuwa alikinywea hamumuoni.

Fundi Cherehani
Shikamoo mzee wangu. Swali hilo niliuliza mimi mwenyewe, nikajibiwa kwa kisa kilichonimaliza ubishi. Miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, watafiti William Wells na Richard Riley walichukua wodi ya wagonjwa wa TB, wakaivuta hewa yake kwa mabomba hadi chumba cha juu walikofuga simbilisi. Simbilisi hawakuona mgonjwa, hawakulamba chombo chake, hawakukanyaga sakafu yake. Walipata hewa tu. Wakaambukizwa. Kundi jingine walipelekewa hewa ya wodi ileile, ila imepitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno, ule uliomo pia kwenye jua. Hao hawakuambukizwa.

Mzee, wazee wetu waliona kweli kwamba ugonjwa unahama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Njia yenyewe ilikuwa haionekani kwa macho, ndiyo maana mkono ukaenda kwenye kikombe. Na nyumba zao za udongo zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, hewa inapita usiku kucha. Sisi ndio tumeziba.

Mzee wa Pugu
Marahaba. Hilo la uwazi wa paa ni kweli, nalikumbuka. Nimekuelewa.

Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, sehemu kubwa kliniki ya kifua kikuu. Fundi ameeleza vizuri, naongeza machache.

Kwanza, watu wakisikia "inaambukiza kwa hewa" wanamkimbia mgonjwa kama moto. Msifanye hivyo. Mgonjwa mwenye TB ya kawaida akianza dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka, ndani ya wiki chache. Anayewaambukiza ni yule ambaye bado hajajulikana. Yule mwenye barakoa na mfuko wa dawa mkononi huwa namuona ndiye mtu salama zaidi kwenye foleni, tatizo ni aliyekaa nyuma yake anakohoa na kusema "mafua tu".

Pili, majengo. Wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa pande mbili, ambazo watu wanaziona zimepitwa na wakati, ni bora kuliko vyumba vingi vipya vyenye kiyoyozi. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya vipimo vya hewa kwenye hospitali 8 za Lima, Peru. Majengo ya kabla ya 1950 yakifunguliwa madirisha yalibadilisha hewa haraka kuliko ya kisasa, na yalishinda hata vyumba vilivyowekewa mitambo ya gharama ya kubadilisha hewa. Nilipokuwa kazini kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua madirisha yote, na kila asubuhi kuna mtu anayafunga nyuma yangu kwa sababu ya upepo.

Tatu, tusijidharau. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu kutoka Ulaya, alifanya kazi hapa pamoja na Watanzania. Utaratibu uliojengwa hapa, wa kupima makohozi, dawa zisizokatika, mgonjwa kusimamiwa anapomeza na kila mmoja kuandikwa daftarini, ndio baadaye ulioenea duniani kwa jina la DOTS.

Mama Abuu
Dada nesi, naomba kuuliza. Na surua? Maana mwanangu aliipata na hakucheza na mtoto mwenye surua hata mmoja. Tulienda tu hospitali kwa jambo la sikio.

Nesi Mstaafu
Mdogo wangu, inawezekana kabisa aliipata hapohapo kwenye benchi la kusubiri. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mtoto mwenye surua anatoka saa 4, wako anaingia saa 5, hawakuonana. Katika magonjwa yote ya hewa, surua ndiyo kali zaidi kwa kusambaa: kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu na mgonjwa, hadi 9 wanaipata. TB haina kasi hiyo, yenyewe inataka kukaa pamoja muda mrefu, usiku baada ya usiku. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Watu wengi wanakumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Kaangalie kadi ya mdogo wake.

Kijana wa Tandale
Fundi nakuheshimu, ila ushauri wa "fungua dirisha" ni wa matajiri wa Masaki. Sisi huku ukifungua dirisha usiku unaingiza mbu, na ukilala fofofo simu na feni vinatolewa kwa fimbo yenye ndoano. Nilishaibiwa hivyo. Tuchague malaria, wezi au TB?

Fundi Cherehani
Ndugu yangu, nimeibiwa redio kwa fimbo hiyohiyo, kwa hiyo nakuelewa. Sikuambii uache wazi tu.

Mimi nilifanya hivi. Nilibandua lile karatasi gumu, nikaweka wavu wa mbu wa chuma kwa nje na nondo kwa ndani. Kisha nikamwomba mwenye nyumba, tukatoboa ukuta wa upande wa pili karibu na dari, tukaweka tofali mbili za matundu na wavu juu yake. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Dirisha moja peke yake hewa inaingia na kuzubaa. Ukiwa na tundu upande wa pili, inaingia huku inatokea kule. Nilipima kwa udi. Nilifukiza nikiwa nimefunga kila kitu, harufu ikakaa. Nikarudia vimefunguliwa, moshi nikauona unavutwa kwenda kwenye tofali kama uzi kwenye tundu la sindano. Tofali zile ziko juu, fimbo ya mwizi haifiki kitu. Kulala tunalala ndani ya chandarua kama kawaida.

Kama huwezi kutoboa, fungua mchana kutwa, mlango na dirisha, na mwenye kikohozi ashinde kivulini nje.

Mdau wa Njombe
Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi ya kugonganisha meno. Tunafunga kila kitu na tunaingiza jiko la mkaa ndani. Sijui mnatushaurije.

Nesi Mstaafu
Jiko la mkaa msiingize kabisa ndani ya chumba cha kulala. Gesi yake haina harufu, na kuna familia zimelala wasiamke. Vaeni, jifunikeni, ongezeni blanketi, mchana likitoka jua fungueni wazi. Kama kuna mgonjwa wa kifua ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa, alale chumba chake wiki hizo za mwanzo, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mtu mwenye VVU.

Mwana wa Mirerani
Hakuna aliyeongelea wachimbaji, basi niseme mimi. Baba yangu mdogo alichimba tanzanite miaka 14. Kule chini mnapiga mwamba, vumbi la mawe halina pa kwenda, mnavuta wote. Vumbi lile linachubua mapafu na kuyaacha na makovu, na mapafu yenye makovu ya vumbi TB inayapata kirahisi. Alitibiwa TB mara mbili. Mara ya pili ikawa sugu, akapelekwa Kibong'oto, hospitali iliyoanza kama kambi ya wagonjwa wa kifua mwaka 1926. TB ilipona. Pumzi haikurudi. Leo ana miaka 52, anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni anasimama, anashika mwimo, anapumua, ndipo anaendelea.

Watu wanadhani ukimaliza dawa umerudi ulivyokuwa. Wengine ndiyo, wengine mapafu yanabaki na mashimo na makovu. Kuchelewa ndiko kunakoharibu.

Fundi Cherehani
Pole sana ndugu, na asante kwa kulisema hilo. Kaka alimaliza dawa na vipimo vikaonyesha amepona, ila hapandi tena ngazi ghorofa ya tatu bila kupumzika.

Mwanakwaya
Nimesoma hapo "akiimba" nikashtuka. Kwaya yetu tuko 40, tunafanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kwa muda wa saa mbili na zaidi, madirisha tumefunga majirani wasilalamike. Ni hatari kweli?

Mbongo wa Seattle
Nakujibu kwa jambo lililotokea huku jimboni Washington. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya ya Skagit Valley ilikutana kwa mazoezi, watu 61, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua. Waliougua korona, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walifika 53, na wawili walifariki. Dalili zilionekana ndogo tu, lakini kuimba kunasukuma hewa kutoka ndani kabisa ya kifua, na walikuwa ndani ya ukumbi mmoja. Mwezi uleule Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado linawaambia watu korona haisambai kwa hewa. Dunia nzima ikanunua vitakasa mikono na kupangusa mifuko ya sokoni. Kama alivyosema fundi, tulikuwa tunapigana na kikombe.

Mwanakwaya
Asante. Jumamosi nitamwomba mwalimu tuhamie chini ya mwembe. Majirani nitaongea nao mwenyewe.

Dada wa Moro
Swali langu linanitia aibu. Mume wangu ana kikohozi wiki ya nne na hataki kwenda kupima. Anasema watu wakimwona kwenye kliniki ile watasema ana UKIMWI.

Nesi Mstaafu
Usione aibu, dada. Wagonjwa wote wa TB hupimwa VVU kwa sababu VVU inadhoofisha kinga na kuiamsha TB iliyolala. Lakini wengi wanaougua TB hawana VVU kabisa, nimewahudumia kwa mamia. Na wale walio nayo, kugundulika mapema ndiko kulikowafanya wawe hai hadi leo. Mwambie hivi: kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni lazima kipimwe. Vipimo na dawa kwenye vituo vya serikali ni bure. Dawa ni za miezi 6, aina nne kwa pamoja miezi 2 ya mwanzo na aina mbili miezi 4 inayobaki. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asiogope, ni dawa. Asiache akijisikia nafuu mwezi wa pili. Hapo ndipo wengi wanaachia na hapo ndipo TB sugu inapozaliwa.

Mkazi wa SUA
Dada, wewe uko Morogoro, mwambie shemeji kwamba hapo SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna panya buku wa shirika la APOPO waliofundishwa kutambua TB kwa kunusa makohozi, panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa kama dakika 20. Wamewakuta wagonjwa wengi waliokuwa wameponyoka kwenye hadubini. Labda akisikia habari za panya atataka kwenda kuona.

Dada wa Moro
Amecheka sana. Kakubali kwenda Jumatatu.

Fundi Cherehani
Mungu awatangulie. Usisahau kumwambia daktari kama nyumbani kuna watoto, na kadi zao za kliniki nenda nazo. Waulize kuhusu uzito. Chanjo ya begani waliyochomwa walipozaliwa inawakinga zaidi na zile TB kali za watoto, ya ubongo na ya kusambaa mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa kabisa. Binti yetu alikuwa na kovu lake begani kama wenzake.

Mama Abuu
Fundi, hukutuambia binti anaendeleaje.

Fundi Cherehani
Amemaliza dawa. Zilikuwa zile za watoto zinazoyeyushwa kwenye maji, zina ladha ya matunda, alikuwa anazidai mwenyewe asubuhi. Ameanza chekechea. Sare yake nimeshona mimi, na juzi imenibidi niitoe pindo.

Dada wa Moro
Nimerudi. Tumeenda. Kapewa kikopo cha makohozi, kaambiwa kesho alfajiri akiamka, kabla ya kula, akohoe kutoka ndani kabisa, asiteme mate, kisha akilete. Kuna kingine cha kuzingatia?

Fundi Cherehani
Kimoja, dada. Asikohoe chumbani. Atoke nje uani, mbali na watoto, akimaliza ndipo arudi ndani.

Dada wa Moro
Sawa. Nimeshamwekea kigoda nje.